Mwenye baridi yabisi asisubiri mashine



Mama mmoja aliletwa kwangu na kijana wake, wameshika bahasha kubwa ya kaki. Ndani mlikuwa na picha za ultrasaundi za mikono yake, zilizopigwa mjini kwa pesa ambazo ukoo mzima ulichanga. Nilipouliza anatumia dawa gani, kijana akainamisha kichwa. Mama ana miezi mitatu hajameza dawa. Pesa yake ilikuwa inawekwa akiba ya kipimo kingine, kwa sababu waliambiwa ugonjwa huu ni lazima "uangaliwe kwa mashine".

Nikamwomba mama akunje ngumi. Hakuweza. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na vina joto. Je, kulihitajika mashine kuliona hilo?

Naandika makala hii kwa sababu naona kosa hili linaanza kuzoeleka. Ultrasaundi ni neema. Lakini kipimo si tiba, na mgonjwa hapaswi kuacha dawa ili anunue picha.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Jina la baridi yabisi limetudanganya wengi, tukadhani unaletwa na baridi au na maji ya udhu wa alfajiri. Sivyo. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaugeukia utando laini uliomo ndani ya kiungo na kuushambulia. Utando unavimba, kisha unaanza kula gegedu na mfupa. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Dalili yake kubwa ni viungo vidogo vya mikono na miguu kuvimba pande zote mbili, na kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, mara nyingi saa nzima au zaidi.

Sasa ultrasaundi inafanya nini? Hutumia mawimbi ya sauti, wala haina mionzi kama eksirei. Wengi wetu tunaijua kwa wajawazito, lakini kichwa cha mashine cha kupimia vidole ni tofauti na kile cha tumbo, na anayepima lazima awe amejifunza kusoma viungo. Mashine yenye Doppler huonyesha kwa rangi damu inayokimbilia kwenye utando uliowaka. Huweza pia kuonyesha mfupa ulioanza kulika kabla eksirei haijaona kitu.

Faida yake ni kubwa pale daktari anapokuwa na shaka. Mgonjwa analalamika maumivu lakini uvimbe hauonekani: je, ni ugonjwa umeamka au ni jambo lingine? Au mgonjwa anasema amepona, lakini ndani bado kunafuka moshi. Hapo picha husaidia kuamua, na asiyetumwa kupigwa ultrasaundi bila sababu asidhani amedhulumiwa.

Je, ni lazima kila mgonjwa apimwe kwa mashine kila anapohudhuria kliniki? Swali hili limefanyiwa utafiti. Nchini Norway wagonjwa 238 waligawanywa makundi mawili na kufuatiliwa kwa miaka 2. Kundi moja dawa zilipangwa kwa kupima viungo kwa mkono, damu na kumsikiliza mgonjwa. Kundi la pili liliongezewa ultrasaundi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: kundi la mashine halikupata nafuu kubwa kuliko lile lingine. Utafiti wa Uskochi wa mwaka 2015 nao haukuona mashine ikishusha wastani wa makali ya ugonjwa zaidi.

Lakini tusikimbilie kusema mashine haina maana. Zingatia jambo moja: huko Norway makundi yote mawili yaliitwa kliniki mara kwa mara, na dawa ilibadilishwa upesi pale ugonjwa ulipogoma kutulia. Huo ufuatiliaji ndio sisi tunaoukosa. Tunao watu wanaokwenda hospitali mara moja, kisha miaka mitano wanaishi kwa diklofenaki ya dukani. Dawa hiyo hupunguza maumivu tu, mfupa unaendelea kuliwa.

Kwa hiyo nashauri haya.

Mosi, ukihudhuria kliniki omba viungo vyako viguswe kimoja kimoja. Hesabu ya kawaida ni viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vya vidole na magoti. Miguu haimo katika hesabu hiyo, basi itaje mwenyewe kama inauma.

Pili, weka daftari. Unapoamka kwa sala ya alfajiri, andika ilichukua dakika ngapi hadi ukaweza kufungua bomba na kukunja ngumi. Daftari hilo humsaidia sana daktari.

Tatu, usiache dawa. Methotreksati, ambayo ndiyo wengi huanzishiwa, humezwa mara MOJA kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kumeua watu. Kwa kuwa ni ya mara moja kwa wiki, hata Ramadhani huweza kumezwa usiku baada ya futari. Huambatana na vidonge vya foliki na vipimo vya damu na ini. Mwanamke mjamzito au anayetarajia kubeba mimba asiitumie, amweleze daktari mapema.

Nne, ikipita miezi 3 ya dawa bila nafuu, rudi useme. Dawa inaweza kuongezwa au kubadilishwa.

Sheria yetu imempa mgonjwa rukhsa ya kusali kwenye kiti. Lakini rukhsa hiyo isiwe kisingizio cha sisi wanafamilia kumwachia mama kiti na kumnyima tiba. Ukoo ulioweza kuchanga pesa ya picha unaweza kuchanga pesa ya dawa za miezi mingi, na nauli ya kliniki.

Yule mama amerudi kwenye dawa. Vidole viwili vimeshapinda na havitanyooka tena. Vinane vilivyobaki ndivyo tunavyovipigania.

Wabillahi Tawfiq.