NENO LA SIRI HALIAZIMWI



Siku hizi karibu kila kazi ina kompyuta ndani yake. Karani wa tikiti anayo mbele yake, mtu wa stoo anayo, fundi wa karakana huandikiwa kazi yake humo, na hata mwenye kufagia ofisi hutia kidole kwenye mashine asubuhi ili ihesabiwe kwamba amefika. Hatuna ugomvi na kompyuta. Chombo ni chombo. Ugomvi wetu ni juu ya desturi mbaya iliyoingia pamoja nayo, nayo ni hii: watu wanne au watano kutumia jina moja na neno moja la siri, halafu fedha au mali ikipotea, mmoja wao anaadhibiwa kwa sababu "kompyuta imesema".

Tunasema wazi kwamba desturi hii ni mtego. Wakubwa waikomeshe kwa upande wao, nasi tuikomeshe kwa upande wetu.

KOMPYUTA YAJUA NINI?

Wengi hudhani kompyuta humjua mtu. Haimjui. Inalojua ni jina lililoandikwa na neno la siri lililoingizwa. Baada ya hapo kila jambo, tikiti iliyokatwa, tikiti iliyofutwa, spea iliyotolewa stoo, saa za ovataimu zilizoongezwa, yote huwekwa chini ya jina lile pamoja na tarehe na saa. Mkono uliobonyeza ni wa nani, haijui. Ni kama mzee Isaka wa katika Biblia, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni, akambariki Yakobo akidhani ni Esau. Tena Isaka alau aliisikia sauti akaona shaka. Kompyuta haina shaka.

Zamani ukitoa kitu stoo uliweka sahihi kwa mkono wako. Kukitokea ubishi, mwandiko ungeweza kutazamwa na kulinganishwa. Neno la siri halina mwandiko. Likiandikwa na wewe au likiandikwa na mwizi, ni lile lile. Kwa hiyo anayempa mwenzake neno lake la siri ni sawa na mtu anayetia sahihi karatasi tupu mia moja na kuziacha mezani.

VISINGIZIO VYA WAKUBWA, NA VYETU

Wakubwa husema: "Kompyuta ni chache, na kila jina jipya katika programu hulipiwa. Fanyeni kazi kwa jina moja." Jibu letu ni fupi. Kompyuta moja yaweza kutumiwa na watu kumi, kila mtu kwa jina lake, zamu kwa zamu. Na kama programu yadai malipo kwa kila jina, hiyo ni gharama ya biashara, kama vile mafuta ya injini. Si haki mwajiri ajiwekee fedha hizo, kisha hasara ikatwe katika mshahara wa karani.

Wengine husema: "Mfanyakazi wa chini hawezi kujifunza mambo haya." Huo ni upuuzi. Watu waliosoma shule za misheni tu, bila kompyuta hata moja darasani, leo wanatuma fedha kwa simu, wanalipa karo kwa simu, na namba yao ya siri ya M-Pesa hawamwambii hata ndugu wa tumbo moja. Kujua tunajua. Tunachonyimwa ni mafunzo.

Lakini tusiwalaumu wakubwa peke yao. Nasi tuna kisingizio chetu. Mwenzetu akichelewa, anapiga simu: "Ndugu, niingizie jina langu, nipo njiani." Ukikataa, unaitwa mtu wa roho mbaya, mtu asiye na udugu. Huu si udugu. Mwenzako akichelewa, zungumzeni na msimamizi, mtetee mbele yake, shika zamu yake kwa jina lako mwenyewe. Huo ndio udugu. Lakini kumwingizia jina ni kumfunga yeye na kujifunga wewe kwa kamba moja.

YALIYOWAPATA WATU WA POSTA UINGEREZA

Wapo wanaosema kwamba mashine haisemi uongo. Hao na wasikie habari za posta ya Uingereza, maana zimethibitishwa kortini.

Tangu mwaka 1999 maelfu ya posta za huko ziliwekewa programu ya hesabu iitwayo Horizon, ya kampuni ya Fujitsu. Programu hiyo ilikuwa na kasoro. Iliweza kuonyesha kwamba fedha zimepungua mahali ambapo hazikupungua. Waendeshaji wa posta ndogo walidaiwa walipe pengo hilo kwa fedha zao wenyewe. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia ya wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Wengine walifungwa jela, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla majina yao hayajasafishwa. Wengi walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa: "Ni wewe peke yako mwenye shida hii." Haikuwa kweli. Tena ilikuja kujulikana kwamba mafundi wa kampuni waliweza kuingia kutoka mbali ndani ya hesabu za posta bila mwenyewe kujua.

Bwana Alan Bates, aliyekuwa na posta ndogo huko Wales, alikataa. Mwaka 2009 yeye na wenzake waliunda umoja wao. Watu 555 wakaenda kortini pamoja, na Desemba 2019 jaji akaamua kwamba programu ile ilikuwa na makosa. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu za watu 39 siku moja, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuwasafisha mamia ya wengine.

Tujifunze mambo mawili. La kwanza, walipokuwa mmoja mmoja waliitwa wezi; walipokutana, ndipo ukweli ulipoonekana. La pili, watu wale walikuwa na posta zao na hesabu zao, na bado ilichukua zaidi ya miaka ishirini kusafishwa. Sisi watano tunaotumia jina moja, atatusafisha nani?

SHERIA YA KENYA YASEMAJE

Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kwamba mfanyakazi hafukuzwi kwa kosa kabla ya kuelezwa kosa hilo kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama amchague mwenyewe. Yasema pia kwamba ni juu ya mwajiri kuthibitisha sababu ya kumfukuza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa kila mtu haki ya kuona habari zake zinazowekwa na mwingine, na kutaka zile za uongo zisahihishwe. Na ndugu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 yafanya ni kosa kumtolea mtu neno la siri bila idhini. Kwa hiyo unayefanya "udugu" waweza kujikuta mbele ya hakimu.

Haki hizi si mchezo. Babu zetu walivaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mwajiri aliandika humo kazi na mshahara, na bila yeye kutia sahihi mtu hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine. Bwana Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 kwa kupinga mambo kama hayo, na watu wakapigwa risasi Nairobi wakidai aachiliwe. Kumbukumbu ya kompyuta inayoandikwa juu ya mtu, naye haruhusiwi kuiona, ni kipande kipya.

FANYA HIVI

1. Fanya kazi kwa jina lako tu. Ukiamriwa kutumia jina la mwingine, sema kwa adabu: "Nitafanya, ila naomba amri hiyo kwa maandishi." Mara nyingi amri hiyo itakufa hapo hapo. Ikija kwa maandishi, mpe mjumbe wa chama nakala kabla hujaigusa kompyuta.

2. Ukiinuka kitini, hata kwenda chooni, funga kompyuta. Zile za Windows, bonyeza kwa pamoja kibonye chenye alama ya dirisha na herufi L. Ni kazi ya sekunde moja. Zamu ikiisha usifunge tu, toka kabisa katika programu.

3. Neno la siri liwe refu. Maneno manne yasiyohusiana, unayoyakumbuka wewe, ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Lisiwe lile la M-Pesa wala la simu yako. Usilibandike chini ya meza. Kompyuta ya watu wengi ikikuuliza kama ihifadhi neno lako, kataa.

4. Akija mtu au barua pepe ikisema, "Sisi ni mafundi wa kompyuta, tupe neno lako la siri," usitoe. Fundi wa kweli hana haja nalo. Piga simu ofisini kwao kwa namba unayoijua wewe, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo.

5. Uwe na daftari. Hesabu isipolingana, au mashine ikikwama katikati ya kazi, andika tarehe, saa, namba ya tikiti au ya kazi, na maneno yaliyotokea kwenye skrini jinsi yalivyo. Kibonye cha Print Screen huchukua picha ya skrini. Fungua barua pepe, bonyeza Ctrl pamoja na V, na picha itakaa humo. Mpelekee msimamizi siku ile ile. Kesho ni kuchelewa. Lakini usipeleke nyumbani majina na namba za abiria au za wateja. Hizo si zako.

6. Barua pepe ya kazi ni mali ya kazi. Mambo ya nyumbani, na mambo ya chama, usiyaandike humo.

7. Ukiitwa kushtakiwa, usitie sahihi ya kukubali siku hiyo hiyo. Mwite mjumbe. Ulizeni pamoja: Jina hili lilikuwa likitumiwa na watu wangapi? Kompyuta ipi? Saa ngapi? Daftari la zamu lasema nani alikuwa kazini? Nani mwingine aweza kuingia kutoka mbali? Mtu mwingine ameleta shida kama hii?

TUNATAKA NINI

Tunataka kila mfanyakazi anayegusa kompyuta apewe jina lake mwenyewe. Tunataka mafunzo katika saa za kazi zenye malipo, na maagizo yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Tunataka mfanyakazi na mjumbe wake waonyeshwe kumbukumbu zote za kompyuta kabla ya kesi kusikilizwa, si baada ya mtu kufukuzwa. Na tunataka asikatwe mtu mshahara kwa hasara iliyo chini ya jina linalotumiwa na wengi. Mambo haya yafaa yaandikwe katika mapatano yetu na waajiri, na kila mjumbe ayalete katika mkutano wa tawi lake.

Lakini ndugu, jambo moja halingoji mapatano. Leo jioni, kabla ya kuikabidhi zamu, badili neno lako la siri. Na kesho mwenzako akikuuliza ni lipi, mwambie kwa upole kwamba haliazimwi.

UMOJA NI NGUVU.