Kompyuta Haikukataa

Kuna neno moja linalosemwa siku hizi katika ofisi za shule, nalo limetuudhi hata tukashika kalamu: "Kompyuta imekataa." Mzazi atoka kijijini alfajiri katika baridi ya Ufipa, afika shuleni, auliza kwa nini mwanawe wa kidato cha tatu hawezi kusoma Fizikia pamoja na Historia. Ajibiwa neno hilo, naye arudi kwake akidhani amri imetoka juu. Twasema wazi kwamba neno hilo si kweli.

Zamani ratiba ilipangwa kwa karatasi kubwa, penseli na kifutio, na mwalimu akakesha usiku mwingi. Sasa ziko programu za kazi hiyo. Mojawapo ni FET, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Liviu Lalescu wa Romania, nayo hutolewa bure. Mwalimu huiambia walimu ni nani, vyumba ni vingapi, kila somo lina vipindi vingapi kwa juma, na wanafunzi wamegawanywaje. Ni katika hilo la mwisho tunapokosea. Programu hupokea kidato kizima, kisha makundi ndani yake, kisha vikundi vidogo ndani ya makundi. Na kikundi kidogo kimoja chaweza kuwamo katika makundi mawili. Watoto watatu watakao Fizikia na Historia wakiandikwa kuwa kikundi kidogo, masomo hayo hayatawekwa saa moja, maana hakuna mtoto awezaye kukaa vyumba viwili. Wasipoandikwa, mashine haina habari nao.

Twaijua shule moja ya nyanda hizi, jina lake tunaliacha, ambapo kidato cha tatu kilikatwa vipande viwili, Sayansi huku na Sanaa huku, ili kazi iishe upesi. Binti mmoja aliyapenda masomo hayo mawili. Aliambiwa achague, akachagua Historia, kwa kuwa rafiki zake walikuwa upande huo. Basi mlango wa kidato cha tano kwa Fizikia, Kemia na Hisabati ukafungwa, wala hakuna aliyemweleza kwamba umefungwa. Tulikuwa miongoni mwa waliopanga ratiba ile.

Wenzetu watasema kwamba vikundi vikizidi kazi haiishi. Ni kweli kwamba ukiligawa darasa kwa njia tatu, kila njia sehemu mbili, wapata vikundi 8. Ukiongeza njia ya nne, 16. Lakini nani amewaagiza kuandika vikundi visivyo na watoto? Andikeni kwanza majina na masomo ya kila mmoja, ndipo mfanye vikundi kwa wale waliopo tu. Mfipa hufukia majani chini ya tuta la ntumba muda mrefu kabla ya kupanda mahindi. Nasi twataka kuvuna ratiba siku ile ile tuliyoiwasha mashine!

Tena watasema mwalimu wa Fizikia ni mmoja. Hilo hatulipingi, wala programu haiwezi kumzaa wa pili. Basi mzazi aambiwe hivyo, "Mwalimu ni mmoja, vipindi vyake vimejaa," apate kujua malalamiko yake ayapeleke wapi. Akiambiwa kompyuta imekataa, atamlalamikia nani?

Jambo hili lazidi uzito sasa kwa kuwa mtaala ulioboreshwa umeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na kisu cha kukata watoto vipande viwili kimenolewa upya.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, kabla shule hazijafunguliwa Januari, ombeni kuonyeshwa orodha ya majina na masomo. Huandikwa kwa mkono jioni mbili tu. Nasi walimu tukubali hasara iliyo yetu: ratiba ya namna hii huacha nafasi tupu katikati ya siku, na mwalimu wa Historia huenda akangoja Jumatano tangu saa nne hata saa sita bila darasa. Kungoja huko hatukupendi, na ndiko tulikokuwa tukikuita kompyuta.