Wazimu wa Kusingiziwa

Mtu akitangaza katika zizi lolote la Nairobi kwamba anataka kununua farasi aliyestaafu mbio, hatakosa mshauri. Ataambiwa farasi huyo ni kichaa. Ataambiwa hajui jingine ila kukimbia, na kwamba akiona uwanja mtupu mbele yake hakuna hatamu itakayomrudisha. Mpenda methali ataongeza la kwake: samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikunjwa akiwa na miaka miwili, sasa keshakauka.

Imani hiyo ipo kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, ipo Newmarket ya Uingereza, ipo Kentucky ya Marekani. Ni uzushi, na ni uzushi wenye hasara. Unawanyima farasi wazima kazi ya pili. Baya zaidi, humfanya mnunuzi ashinde akikichunguza kichwa cha farasi, ilhali kasoro zitakazomfilisi ziko miguuni, mgongoni na tumboni.

Kinachoitwa wazimu, mara nyingi ni utiifu. Joki akiwa katika shoti huzipishanisha hatamu mikononi na kuzikandamiza juu ya shingo. Farasi hupata kitu cha kuegemea, huegemea lijamu, kisha huongeza mwendo. Ndivyo alivyofundishwa asubuhi baada ya asubuhi. Sasa mpandaji wa kawaida akishikwa na hofu hufanya nini? Hukaza hatamu. Farasi anasikia ameambiwa aende, anaenda. Mpandaji anakaza zaidi, farasi anatii zaidi. Jioni, kwenye chai, inasimuliwa habari ya farasi mwehu aliyechomoka na mtu.

Mengine ni ya namna hiyo hiyo. Joki huchuchumaa juu ya vikuku vifupi, kwa hiyo farasi wa mbio huenda hajawahi kusikia miguu ya mtu mzima ikining'inia na kumbana mbavuni. Siku ya kwanza lazima ashtuke. Joki hunyanyuliwa na saisi na kutupwa mgongoni huku farasi akitembea, basi farasi asiyetulia wakati wa kupandwa hana utovu wa adabu. Hajaambiwa kwamba anapaswa kutulia. Mazoezini hutoka kwa msafara, mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo akipelekwa peke yake njia ya msituni huita wenzake. Marekani, ambako karibu mbio zote huzunguka kwa kushoto, farasi anaweza kufika kwa bwana wake mpya akiwa hodari wa kugeukia upande mmoja na mzito upande wa pili. Haya yote ni mapengo ya elimu, na pengo la elimu huzibwa kwa kufundisha.

Wanaomwogopa husahau kuhesabu anayoyajua. Kufikia umri wa miaka minne ameshapanda na kushuka malori mara nyingi asizokumbuka mtu. Ameogeshwa, amefungwa bendeji, amepigwa misumari ya viatu, amechomwa sindano. Amesikia vipaza sauti na kelele za jukwaa lililojaa watu waliokunywa. Ameingia kwenye kizimba cha chuma cha kuanzia mbio, mlango ukafungwa nyuma yake, akasimama. Farasi wa umri huo aliyekulia shambani Laikipia, ambaye kamba ameijua wiki iliyopita, ana nini cha kujivunia mbele ya huyu?

Wapo watakaosema shida ni damu. Ni kweli thorobredi wote wa leo, ambao ndio farasi hawa wa mbio, kwa upande wa baba, wanafika kwa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki, mmoja wao Darley Arabian, aliyetolewa Aleppo mwaka 1704. Lakini hiyo ni damu ya farasi ambao Mabedui waliwafuga karibu na mahema yao, watoto wakipita kati ya miguu yao. Tena wafugaji wa Ujerumani, huko Holstein na Hanover, waliingiza damu ya thorobredi kwa makusudi katika farasi wao wazito ili wapate wepesi na moyo. Tajiri anayemdharau farasi wa Ngong na kuagiza wa kuruka viunzi kutoka Ulaya kwa bei ya kutisha, analipia, kwa sehemu, damu ile ile.

Mifano haijifichi. Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, Joe Fargis wa Marekani alitwaa dhahabu mbili za kuruka viunzi, yake binafsi na ya timu, akiwa juu ya Touch of Class, farasi jike mwenye umbo dogo aliyetoka katika mbio bila sifa yoyote. Katika viunzi 91 alivyoviruka mashindanoni hapo, aliangusha kimoja tu. Kisha yuko Neville Bardos, farasi wa Australia aliyeshindwa mbio na ambaye machinjio yalikuwa yakimsubiri. Boyd Martin alimnunua kwa chini ya dola 1,000. Mwaka 2010 walimaliza miongoni mwa kumi bora katika mashindano ya dunia huko Kentucky, katika mchezo unaounganisha dresaji, mbio za nyika na viunzi, mchezo ambao farasi mwehu asingevuka hata siku ya kwanza. Mwaka 2011 zizi lake lilishika moto, farasi sita wakafa. Neville alitolewa akiwa amejaa moshi mapafuni, na miezi michache baadaye alishika nafasi ya saba Burghley, Uingereza, kwenye moja ya njia ngumu kuliko zote.

Hao ni nyota, na nyota hawathibitishi habari za farasi wa kawaida. Kwa hiyo ni heri kutazama kazi za kila siku. Hapo hapo Barabara ya Ngong, mwendo mfupi kutoka uwanja wa mbio, wapo farasi wa polo wa uwanja wa Jamhuri, na kati yao hawakosekani waliostaafu mbio. Kazi yao sasa ni kusimama ghafla, kugeuka papo hapo na kubanana na farasi wa mpinzani huku fimbo zikipita karibu na macho. Uingereza ina taasisi yake tangu mwaka 2000, Retraining of Racehorses, ya kuwafundisha upya na kuwaandalia mashindano. Marekani, Retired Racehorse Project hukusanya kila mwaka huko Lexington farasi waliotoka mbio na kufundishwa kazi mpya kwa miezi isiyozidi kumi. Wapo wanaoruka viunzi na wapo wanaochunga ng'ombe.

Basi mnunuzi aache kuuliza kama farasi ana akili timamu. Aulize anaumwa wapi.

Aanzie tumboni, mahali ambapo washauri wa zizini hawapataji. Tumbo la farasi humwaga asidi mchana na usiku, awe anakula au hali, kwa sababu aliumbwa kulisha nyasi kwa sehemu kubwa ya siku, na mate ya kutafuna ndiyo huituliza asidi hiyo. Farasi wa mbio hufungiwa chumbani karibu saa zote 24, hupewa nafaka nyingi na nyasi kavu chache, kisha hukimbizwa. Uchunguzi wa kamera tumboni umekuta vidonda kwa farasi wengi walio mazoezini, na baadhi ya tafiti zilikuta tisa kati ya kumi. Farasi mwenye vidonda hung'ata saisi anapokaza mkanda wa tandiko. Hukunja masikio, hukonda, hurusha mateke. Watu humwita mkorofi, ilhali dawa na malisho ya kutwa vingemrudishia adabu yake yote.

Kisha mgongo. Kuna farasi ambao miiba ya pingili zao imesogeleana hadi inasagana chini ya tandiko. Huyo akimrusha mtu, ametoa malalamiko kwa lugha pekee aliyo nayo. Eksirei huonyesha.

Kisha miguu, na hapa woga na tamaa hubadilishana nafasi kwa namna ya kuchekesha. Mnunuzi huona uvimbe wa kano nyuma ya mguu wa mbele, hukimbia. Lakini kano lililochanika zamani, likapona, likapoa, mara nyingi hustahimili kazi ya kupandwa taratibu kwa miaka. Mnunuzi huyo huyo hupenda mguu ulionyooka na kung'aa, asijue kwamba kifundo chake kimechomwa sindano za kotikosteroidi ili kikimbie mara moja zaidi. Farasi anaweza kwenda mwendo wa telki bila kuchechemea kwa sababu ya fenilibutazoni, dawa ya maumivu, iliyomo damuni. Ndiyo maana daktari wa mifugo anayefanya ukaguzi huko Uingereza huchukua damu ya farasi siku hiyo na kuihifadhi, ili ikizuka kesi ipimwe. Hapa kwetu mnunuzi adai vivyo hivyo, na adai daktari asiwe yule anayemtibia muuzaji. Muuzaji akinuna, amekwisha kujibu.

Bei ya kununua isimzuzue mtu. Rahisi ghali. Farasi wa kilo 500 anahitaji kama kilo kumi za nyasi kavu kila siku, na kwato zake hushughulikiwa kila wiki sita au nane. Afrika Mashariki kuna chanjo ya kila mwaka ya ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi, na kuna kupe wa kupambana nao. Farasi wa miaka mitano leo anaweza kuwa hai miaka 20 ijayo. Tena miezi ya kwanza hafai kupandwa sana: aachwe malishoni, nafaka ipunguzwe, mwili usahau mazoezi.

Je, anayejifunza kupanda amnunue? Hapana, lakini sababu si ile ya washauri. Farasi aliyetoka mbio juzi ni mwanafunzi, na mwanafunzi hafundishwi na mwanafunzi mwenzake. Anayejifunza atafute yule aliyeacha mbio miaka mitatu au minne iliyopita, akapitia mikono ya mtu mvumilivu, amjaribu mara kadhaa, siku ya upepo nayo ikiwemo, peke yake na pamoja na wenzake. Atakuta bei yake imepanda kuliko ya yule aliyetoka uwanjani wiki iliyopita. Kilichoongezeka ni mshahara wa aliyemfundisha.