Uliza kwanza moshi ni wa rangi gani

WAHENGA walinena kwamba panapofuka moshi hapakosi moto. Mafundi wa pikipiki nao wana nyongeza yao: kabla hujatafuta moto, tazama kwanza moshi wenyewe ni wa rangi gani.

Likizo iliyopita nilikwenda kumjulia hali dada yangu anayeishi karibu na Litein, Kaunti ya Kericho. Mwanawe ana pikipiki ya bodaboda aliyoinunua kwa mkopo, nao mkopo hulipwa kila siku ya Mungu, mvua inyeshe au jua liwake. Asubuhi hubeba wanafunzi, na baadaye hupeleka magunia ya majani chai katika kituo cha kununulia. Majani mabichi hayangoji mtu. Yakikaa guniani hushika joto, hubadilika rangi, na karani wa mizani huyakataa.

"Mjomba, mashine hii imenishinda," akaniambia hata kabla sijamaliza chai.

Kila asubuhi ilimlazimu kupiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Mlimani ilikohoa na kuishiwa nguvu. Alikuwa amebadilisha plagi mara tatu, kisha akanunua kabureta mpya. Fundi mmoja alikuwa amemshauri atafute injini nyingine kabisa. Kila mara ujumbe ulikuja kwetu Nairobi, nasi tukatuma pesa bila kuuliza swali hata moja.

Nikapanda nyuma yake. Tukateremka ule mteremko mrefu wa kuelekea mtoni, akiwa ameachia eksileta ili injini yenyewe ipunguze mwendo. Tulipofika bondeni akafungua mafuta kupanda upande wa pili. Nikageuka nyuma. Lo! Tulikuwa tumeacha wingu la moshi wa buluu barabarani.

Msomaji mpenzi, moshi mweusi ni dalili ya petroli iliyozidi hewa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Je, oili hiyo iliingiaje mahali pa petroli?

Pikipiki nyingi za kule, za 100cc hadi 150cc, zina pistoni moja na aghalabu vali mbili. Moja huingiza hewa na petroli, ya pili hutoa moshi. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 2,500. Shina la vali hupita katika tundu jembamba lililopakwa oili, na juu ya tundu hilo pana kijipete cha mpira kiitwacho sili, kinachozuia oili isiteremke.

Sasa fikiria mtoto anayenyonya soda kwa mrija uliobanwa ncha. Ndivyo pistoni inavyofanya mteremkoni wakati eksileta imefungwa. Huvuta kwa nguvu, na kwa kuwa haipati hewa ya kutosha kupitia kabureta, huvuta chochote kilicho karibu. Sili ikiwa imechakaa, oili hushuka. Nchi ya chai ni nchi ya milima na mabonde, kwa hiyo jambo hilo hutendeka mara nyingi kwa siku.

Oili ikidondokea mgongo wa vali yenye joto hukaangika kama mafuta yaliyosahaulika kikaangoni. Ukoko huota juu ya ukoko. Hayo ndiyo masizi ya kaboni. Huziba njia ya hewa, na asubuhi ya baridi hufyonza petroli kama sponji, ndiyo maana injini inagoma kuwaka. Kipande kikibanduka na kukwama ukingoni, vali haifungi sawasawa na nguvu zote hupotea.

Mahali penyewe napo pana lawama. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kwa tano. Kabureta iliyorekebishwa kwa nchi za chini humwaga petroli ile ile ingawa hewa imepungua, na masizi huongezeka. Tena kuna petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo haiungui vizuri. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha mchezo huo.

Tulimpata fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Aliacha injini ipoe, akatazama alama za mnyororo wa taiming, ndipo akafungua hedi. Vali aliziloweka katika mafuta ya taa usiku kucha. Hapo ndipo mafuta ya taa yana kazi yake! Kesho yake alikwangua ukoko kwa kijiti na brashi ya nyaya laini za shaba. Mpwa wangu alipoleta kisu na msasa, mzee alimzuia.

"Kijana, ukikwaruza ukingo huu, vali haitaziba tena."

Kisha alisaga ukingo huo kidogo kwa pesti ya kusagia vali na kuisafisha pesti yote, kwani chembe ikibaki huila injini. Alijaribu kwa kumimina petroli kidogo katika njia ya hewa, nje uwanjani, mbali na jiko na sigara. Haikuvuja hata tone. Akafunga hedi kwa gaskiti mpya na kupima nafasi za vali kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ndogo kwa macho: alibadilisha sili mbili, kila moja ndogo kuliko ncha ya kidole. Bila hizo, masizi yangerudi, nasi tungelipa tena. Gharama yote haikufikia nusu ya bei ya ile kabureta.

Siku ya kuondoka kwangu, mpwa wangu alinipeleka stendi. Mteremko ule ule, mto ule ule. Nikageuka nyuma, nikaona vumbi tu.

Basi nawe uliye mjini, ukipigiwa simu kwamba pikipiki ya nyumbani imeharibika, usikimbilie kutuma pesa. Uliza kwanza: moshi ni wa rangi gani, na hutoka wakati gani? Swali hilo halina bei, nalo lingetuokoa plagi tatu na kabureta moja.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.