Mtoto wa Kike Anafichwa Jua kwa Ajili ya Harusi ya Nani?



Leo hatuna mtindo mpya wa gauni wala hatuzungumzii singo. Tuna dukuduku, na tutalitoa lote.

Likizo ya Juni tulilipa shilingi 60,000 kwa kila mtoto. Sisi wanawake watatu wa hapa cherehani tuna mabinti wanne, wa miaka minane hadi kumi na moja, kwa hiyo hesabu mnaiona wenyewe. Tangazo lilisema ni kambi ya sayansi kwa vitendo, nje, siku tano. Tulifurahi, kwa sababu likizo zetu mnazijua. Mtoto anashinda na simu mpaka macho yanakuwa mekundu, au anashinda dukani kwetu anaokota pini.

Siku ya tatu mmoja wetu alikwenda kupeleka chakula kilichosahaulika nyumbani. Akakuta wavulana wameshuka pwani na mwalimu, wana ndoo na kipimajoto. Wasichana wamo ukumbini, feni inazunguka, wanamimina siki juu ya magadi ili "volkano" itoe povu. Povu likiisha, wanapakwa hina. Alipouliza kulikoni, akajibiwa kwa upole kabisa kwamba mama zao ndio waliosema wasipigwe na jua wala wasichafue nguo.

Waandaaji tunawalaumu, maana pesa za wasichana hazikupungua hata shilingi moja. Lakini jibu lile lilituuma kwa sababu ni kweli. Mama wenyewe ni sisi.

Tunakujueni, wateja wetu. Mnaleta mtoto wa miaka saba mnataka lesi nyeupe na tabaka tatu za neti, na kabla hajatoka mlangoni mmeshamwambia asikae chini. Bibi harusi anafichwa jua wiki kadhaa kabla ya siku yake, hilo ni lake, ana sababu zake na siku zake zinahesabika. Mtoto wa miaka tisa anafichwa kwa ajili ya harusi ya nani? Na huo weusi mnaouogopa ameuumba nani?

Tena basi, volkano! Unguja hii haina volkano hata moja. Ina bahari inayojaa na kutoka mara mbili kwa siku, na mtoto wa kike wa kisiwani anakua hajui kwa nini.

Jumamosi ya bamvua iliyofuata tulifunga duka tukawachukua wenyewe. Hatuna shahada ya chochote. Tumemaliza sekondari na kozi ya ushonaji, basi. Tulibeba vijiti, ndoo, daftari, saa na futi yetu ya kupimia nguo. Wakati wa bamvua maji ya huku kwetu huwa yametoka kabisa karibu na saa nne asubuhi, muda mzuri kwa watoto. Tukawaambia wachomeke kijiti pale maji yalipoishia, halafu kingine kila baada ya robo saa. Vijiti vya mwanzo vilikaribiana kama vifungo vya shati. Vya baadaye vikaachana hatua nyingi. Wakaona kwa macho yao kwamba maji huanza kurudi polepole kisha yanapata kasi, na ndiyo maana watu wanaochelewa huko mbali kwenye miamba hujikuta wamezungukwa. Hilo peke yake linaweza kumwokoa mtoto siku moja.

Mkubwa wao akauliza kwa nini tumechagua siku ile. Tukamrudishia swali: leo mwezi ngapi wa Kiislamu? Anajua, chuoni wanaandika tarehe kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, maji hujaa sana na kutoka sana. Mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu. Na kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Mtoto alinyamaza, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole bamvua ijayo itakuwa lini. Kalenda aliyokuwa akiikariri imegeuka kitu cha kutumia.

Mkisema pwani hamuendi, sawa, wapeni kijiti uani. Simamisheni kijiti cha mita moja, wapime kivuli kila baada ya nusu saa. Mwezi wa Juni, kiasi cha saa sita na dakika 20, kivuli hufika ufupi wake wa mwisho, kama sentimita 57, kikielekea suheli kwa sababu jua liko upande wa kibla. Kikianza kurefuka tu, adhuhuri imeingia. Kikifika sentimita 157, yaani urefu wa kijiti pamoja na kile kivuli cha adhuhuri, imeingia alasiri kwa madhehebu yetu ya Shafi. Wetu walisikia adhana wakiwa wameinama wanapima, wakapiga kelele kama waliofunga goli. Mwanzoni mwa Oktoba wakirudia watakuta kivuli cha adhuhuri karibu kimepotea, jua liko utosini. Kivuli kimetajwa ndani ya Qur'ani, Sura ya Al-Furqan, na wanaoisoma sura hiyo chuoni hawajawahi kuambiwa watoke nje wakitazame.

Wapo watakaosema pwani si mahali pa mtoto wa kike. Hili linatukera kuliko yote. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi mpaka leo ni wanawake. Nendeni Paje, nendeni Jambiani, mtawaona majini na shungi zao. Mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri kuliko spinosum, umekuwa ukiwafia kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imezidi joto. Mwenye haja ya kwanza na kipimajoto baharini ni mwanamke, na kwenye ile kambi kipimajoto walipewa wavulana.

Stara? Hiyo tuachieni sisi, ni kazi yetu. Suruali ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka, gauni la kufika magotini lenye mikono mirefu, ushungi wa kushonwa usiopeperuka. Si dera, dera likilowa linamwangusha. Miguuni yeboyebo, kwa sababu ya wale wanyama weusi wenye miba. Wageni walio nusu uchi wapo, hatukatai, lakini hawapo kila pwani. Tulikwenda upande wa wavuvi, watu wazima watatu kwa watoto wanne, na hakuna aliyeingia maji yaliyopita magoti.

Na hatari za kweli tunazijua. Tuliwakataza kushika konokono wenye ganda la mfano wa pia, kwa sababu wengine wana sumu ya kuua. Kiti cha pweza walikigeuza wakaona miguu midogo midogo inayotikisika chini yake, kisha wakakirudisha majini, hakuna kubeba nyumbani. Mmoja aliuliza kinaona na nini. Hatukujua. Jioni tulitafuta pamoja, tukakuta kina vijicho kwenye ncha za mikono. Wote wanne wakatuangalia kama sisi ndio tuliowaficha.

Kwa hiyo mnapolipia kambi ya Desemba, ulizeni kabla ya kutoa pesa: wasichana watatoka nje siku ngapi, na watashika nini kwa mikono yao? Na nyinyi mnaoolewa mwaka huu, mkija kupima gauni tutakuulizeni mnaijua bamvua au hamuijui, msikasirike.

Siku ile ya pwani tuligundua jambo lililotutia haya sisi mafundi. Makombe matupu waliyookota kwa ajili ya kuchora hawakuwa na pa kuyaweka. Kanzu ya mvulana ina mfuko, gauni la msichana halina. Miaka yote tumeshona hivyo. Sasa kila gauni la mtoto wa kike linalotoka kwetu lina mifuko miwili, mikubwa. Wateja wawili wamelalamika kwamba inaharibu umbo. Tumewaambia bei ni ileile, na mifuko haitoki.