Dawa za presha Isiolo: Kupima pekee hakutoshi, mgonjwa afuatiliwe

SERIKALI ilipozindua majaribio ya mpango wa Afya kwa Wote mnamo Desemba 2018, kaunti nne ziliteuliwa kufungua njia: Kisumu, Machakos, Nyeri na Isiolo. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa wakati huo, Nyeri iliingizwa kwa sababu ya mzigo wake wa maradhi yasiyoambukiza kama vile kisukari na shinikizo la damu. Isiolo nayo iliingizwa kwa kuwa wakazi wake wengi ni wafugaji wa kuhamahama.

Mgawanyo huo ulikuwa na mantiki yake. Hata hivyo, ungeweza kumfanya mtu adhani kuwa presha ni ugonjwa wa watu wa Mlima Kenya na wa mijini, na kwamba mfugaji wa Merti au Garbatulla yu salama kwa kuwa hutembea mwendo mrefu nyuma ya mifugo wake.

Takwimu za taifa zima hazimruhusu yeyote kustarehe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulibaini kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Miongoni mwa waliokuwa na tatizo hilo, ni asilimia 15.6 pekee waliojua. Kati ya hao waliojua, asilimia 26.9 ndio waliokuwa wakitumia dawa, na ni takriban nusu ya watumiaji hao ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa.

Tangu wakati huo, hatua kubwa imepigwa katika upande wa kupima. Mnamo Septemba 2023, serikali ya kitaifa ilizindua vifaa vya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, vikiwemo mashine za kupima presha na sukari. Kwa kaunti yenye watu 268,002 kulingana na sensa ya 2019, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita 25,000 mraba, mashine inayomfuata mtu hadi bomani ni neema.

Lakini neema hiyo inazaa swali ambalo viongozi wa kaunti hawana budi kulijibu. Mtu akishapimwa, akaambiwa presha iko juu na akapewa vidonge, ni nani atakayemweleza vidonge hivyo vitamfanyia nini mwilini? Na vikimsumbua, atamwendea nani?

Swali hili si dogo. Presha haina maumivu. Mgonjwa anayeanza dawa aghalabu hujihisi mzima kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Akianza kukohoa, kuvimba miguu au kupata kizunguzungu baada ya wiki mbili, hitimisho lake huwa moja: dawa ndiyo ugonjwa. Huiacha kimyakimya, na presha hupanda kimyakimya pia, hadi siku ya kiharusi au ya moyo kushindwa kufanya kazi.

Ndiyo maana maelezo kuhusu madhara ya dawa ni sehemu ya tiba yenyewe. Tuchukue makundi matatu ya dawa zinazotumika sana nchini.

La kwanza ni la amlodipini. Dawa hii hulegeza mishipa ya damu, na ina nafasi ya pekee kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, ukishirikisha wagonjwa 728 weusi katika mataifa sita ya Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kuwa amlodipini ikichanganywa na dawa nyingine moja ilishusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Madhara yake ya kawaida ni kuvimba vifundo vya miguu, hasa kwa kipimo kikubwa cha miligramu 10, pamoja na kuumwa kichwa na kuhisi joto usoni. Uvimbe huo husababishwa na mishipa iliyolegea kupitisha maji kwenye nyama za mguu, na peke yake hauonyeshi kwamba figo zimekufa. Tabibu anaweza kupunguza kipimo, kuongeza dawa nyingine inayoupunguza, au kubadilisha dawa. Hata hivyo, uvimbe unaoandamana na kukosa pumzi unahitaji uchunguzi wa haraka.

La pili ni la enalaprili na ndugu zake, kama vile kaptoprili na lisinoprili. Hizi zina sifa ya kuleta kikohozi kikavu kwa watu kati ya 5 na 20 katika kila 100. Kikohozi hicho hakiponi kwa dawa za mafua wala viuavijasumu. Hukoma dawa inapobadilishwa, na aghalabu mgonjwa hupewa losartani badala yake. Katika eneo ambako kifua kikuu kingali tishio, mtu anayekohoa kwa wiki kadhaa anapaswa kumwambia mhudumu kwamba anatumia dawa hizi, ili apimwe kifua kikuu inavyostahili huku chanzo hiki kingine kikizingatiwa.

Kuna hatari nyingine ambayo hutokea kwa nadra, ila huua: kuvimba ghafla kwa midomo, ulimi au koo. Tatizo hili huwapata watu wenye asili ya Kiafrika mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, na laweza kutokea hata baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa bila shida. Anayeona dalili hiyo aache dawa papo hapo na akimbizwe hospitalini, wala asiirudie tena.

La tatu ni la dawa za kukojoza, maarufu zaidi ikiwa hidroklorothiazidi. Huondoa chumvi na maji mwilini kupitia mkojo. Zinaweza kupunguza sodiamu na potasiamu katika damu, na mgonjwa akahisi uchovu, misuli ikakaza, au mzee akaanza kuchanganyikiwa. Huweza pia kuchochea jongo na kupandisha sukari kidogo. Yafaa zimezwe asubuhi, mgonjwa asije akakesha akienda msalani.

Hapa ndipo mazingira ya Isiolo yanapoingia. Maelezo mengi ya dawa huandikwa kwa kumfikiria mgonjwa aliye karibu na bomba la maji na hospitali. Mgonjwa wa Isiolo huenda yuko juani kutwa, akiwa na maji haba. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika kanda hii. Mwili uliopungukiwa na maji, ukiongezewa dawa ya kukojoza pamoja na enalaprili au losartani, huweza kushuka presha kupita kiasi. Mgonjwa huzirai, na figo zinaweza kuumia kwa kukosa damu ya kutosha.

Kwa sababu hiyo, mtu anayetumia dawa hizi akipatwa na kuhara, kutapika au homa kali, amwone mhudumu mapema. Mhudumu aweza kumwagiza asitishe baadhi ya vidonge kwa siku chache hadi mwili urejeshe maji, kisha aendelee. Agizo hilo dogo linaweza kuokoa figo. Wazee nao wafundishwe kuketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, kwa kuwa kizunguzungu cha alfajiri kimewavunja wengi nyonga.

Jambo jingine ni mwezi mtukufu wa Ramadhani. Wakazi wengi wa Isiolo ni Waislamu, na mgonjwa anayefunga hukaa saa nyingi bila maji. Dawa nyingi za presha humezwa mara moja kwa siku, hivyo zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Dawa za kukojoza zinahitaji uangalifu zaidi. Yafaa mazungumzo haya yafanyike wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, maana mgonjwa asiyeshauriwa huweza kuacha vidonge vyote kwa siku 30. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kufungua, na maimamu wana nafasi ya kulisema hilo waziwazi.

Kisha kuna vitu ambavyo mgonjwa hanunui kama dawa ya presha lakini huivuruga. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo na magoti, hupandisha presha na kupunguza nguvu za dawa zake. Zikikutana mwilini na enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza, huweka figo katika hatari kubwa. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa wengi.

Miraa nayo haiwezi kupitwa kimya. Igembe na Tigania inakolimwa ni jirani, na biashara yake ni riziki ya familia nyingi. Lakini kemikali ya kathinoni iliyomo huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha presha. Mgonjwa anayetafuna jioni nzima kisha akapimwa asubuhi huweza kuongezewa dawa ambayo pengine hangeihitaji. Ikiwa mhudumu atamuuliza bila kumkemea, atapata jibu la kweli.

Onyo zito zaidi ni kuhusu wanawake walio katika umri wa kuzaa. Enalaprili, losartani na dawa za makundi yao zinaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni, hata kumuua. Mwanamke anayezitumia aelezwe hivyo tangu siku ya kwanza, na akishuku kuwa ana mimba aende kliniki mara moja abadilishiwe. Zipo dawa zinazofaa kwa wajawazito, kama vile methildopa. Kwa mantiki hiyo hiyo, desturi ya kuazimana vidonge, mama akampa binti yake kwa kuwa “presha ni presha”, ni ya hatari kuu.

Pia kuna dawa zisizotaka kuachwa ghafla. Atenololi na nyinginezo za kundi lake hupunguza kasi ya moyo. Mgonjwa akizikatiza kwa siku moja, moyo unaweza kurudi kwa kishindo. Hizi hizi hazimfai mwenye pumu. Basi mfugaji anayehama na mifugo anahitaji kupewa vidonge vya miezi kadhaa, badala ya vya wiki mbili vitakavyomwishia akiwa mbali na zahanati.

Je, madhara yakitokea, taarifa huenda wapi? Kenya ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa mnamo 2010, na Bodi ya Dawa na Sumu hupokea ripoti kutoka kwa wahudumu na hata kwa wananchi. Taarifa hizo zina uzito. Mnamo Julai 2018, wadhibiti wa Ulaya walitangaza kuondolewa sokoni kwa aina kadhaa za valsartani, baada ya kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani kugunduliwa katika malighafi kutoka kiwanda kimoja nchini China. Wagonjwa waliagizwa wasiache dawa ghafla, bali wamwone daktari au mfamasia wabadilishiwe. Agizo kama hilo likitolewa leo, litamfikaje mgonjwa wa Merti ikiwa hakuna orodha ya wanaotumia dawa gani?

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pa bima ya zamani ya NHIF, na sheria inaweka huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya chini ya hazina maalumu. Afya ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Kwa hivyo, serikali ya Kaunti ya Isiolo ina sababu na uwezo wa kisheria wa kufanya mambo manne.

Kwanza, kila anayeanza dawa ya presha aelezwe madhara yake kwa lugha anayoielewa, iwe Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kisomali, Kimeru au Kiswahili. Pili, vipimo vya figo na potasiamu vifanywe kabla ya dawa za kundi la enalaprili na wiki chache baada ya kuzianza, hata kama itabidi damu isafirishwe hadi mjini. Tatu, wahamasishaji wa afya wafundishwe kuuliza maswali matatu kila wanapopima: unameza, inakusumbua, na umeongeza dawa gani nyingine? Nne, zahanati ziwe na dawa mbadala, kwa maana ni kazi bure kumwambia mgonjwa kikohozi kitaisha akibadilishiwa ilhali hakuna cha kumbadilishia.

Mwananchi naye ana wajibu. Anunue dawa katika duka lililosajiliwa, ahifadhi pakiti ili jina na kipimo vijulikane, amtajie mhudumu kila anachomeza zikiwemo dawa za mitishamba, na asiache tembe kwa uamuzi wake mwenyewe isipokuwa pale uso, ulimi au koo linapovimba.

Dawa za presha zimeongeza maisha ya mamilioni ya watu duniani, na nyingi ni za bei nafuu. Lakini kidonge hakina macho. Hakijui kama aliyekimeza ana mimba, ametapika usiku kucha au hajaonja maji tangu alfajiri. Kazi hiyo ni ya binadamu, na Isiolo, iliyokuwa mstari wa mbele mwaka wa 2018, haina sababu ya kusubiri kaunti nyingine iianze.