Kona ya Nyumbani: Kisu cha Bei Gani?

Mwezi huu tuongee visu. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Kisu cha bati kikipinda mara tatu kwa mwaka, mara tatu tunauza unga wa watoto! Kile alichofua mhunzi kwa springi ya gari, hata kikiwa bei mara mbili, kikikaa miaka tumepata faida.

Sokoni tuombe tupa tujaribu makali: ikila chuma kirahisi, tukiache. Chuma kifike mwisho wa mpini. Nyumbani tusikichome motoni, ugumu unatoka. Tukinoe kwa jiwe lenye maji, tukikaushe.

Na pesa zikiwa kidogo, basi nyumba mbili tuchange, tununue kimoja kizuri. Tuonane mwezi ujao.